Tiba ya viungo: Utakayoyakuta kliniki na kazi utakayorudi nayo nyumbani

DAKTARI amekutazama goti, au mgongo, au mkono uliotolewa plasta juzi, kisha akakuandikia karatasi ndogo na kukuambia uende fiziotherapia. Hakukupa dawa ila vidonge vichache vya kutuliza maumivu. Unatoka chumbani mwake ukiwa na maswali. Je, utadungwa sindano? Utavutwa na mashine? Utakandwa kwa mafuta kama afanyavyo yule mzee wa mtaani anayesifika kwa kurudisha mifupa mahali pake?

Katika miji ya Thika na Ruiru si ajabu kukutana na mtu aliyepewa karatasi kama hiyo, akaenda mara moja au mbili, kisha akaacha. Ukimuuliza sababu atakuambia: "Nilifanyishwa mazoezi tu, na mazoezi naweza kufanya kwangu." Mwingine atakuambia kwamba nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na kibarua cha siku nzima alichokosa, vilimgharimu kuliko faida aliyoiona.

Huyu wa pili ana hoja. Wa kwanza naye ana hoja, ingawa hajaielewa sawasawa. Mazoezi ya nyumbani ndiyo hasa matibabu yenyewe. Kliniki ni mahali pa kuchunguzwa na kufundishwa uyafanye yapi, kwa kiasi gani na mpaka lini. Anayekwenda akitarajia kuponywa akiwa amelala kitandani hurudi amevunjika moyo. Anayekwenda kama mwanafunzi huipata thamani ya nauli yake.

Fiziotherapia ni tiba ya kurejesha nguvu na mwendo wa mwili kwa kutumia mazoezi, mikono, joto na wakati mwingine umeme. Chama cha kwanza cha wenye kazi hii huko Uingereza kiliundwa London mwaka 1894 na wauguzi wanne. Wakati huo kazi yenyewe iliitwa kukanda, na wauguzi hao walitaka kuulinda ujuzi wao usichanganywe na nyumba za starehe zilizokuwa zikitangaza kukanda huku zikiuza mambo mengine. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mabango ya kukanda bado yapo kando ya barabara zetu, na bado kuna watu wasioweza kutofautisha.

Hapa Kenya wataalamu wengi wa kazi hii husomea diploma ya miaka 3 katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu, KMTC, na wengine huchukua shahada ya chuo kikuu. Sheria ya mwaka 2014 iliunda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na kila anayefanya kazi hii anatakiwa kusajiliwa na kuwa na leseni. Hospitali za umma kama Thika Level 5, iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Thika, zina idara yake. Ukienda kwenye kliniki ya kibinafsi, tazama ukutani. Usipoiona leseni, uliza. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa swali hilo.

Kabla hujatoka nyumbani

Beba karatasi zote za hospitali ulizo nazo, hata zile za zamani zilizokunjwa ndani ya Biblia au chini ya godoro. Ikiwa ulipigwa picha ya eksirei, ibebe. Ikiwa ulifanyiwa upasuaji, barua uliyopewa ulipotoka wadini ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kama mfupa uliungwa kwa vyuma na kama unaruhusiwa kuukanyagia mguu huo. Andika majina ya dawa unazotumia, au zitie tu kwenye mfuko uende nazo.

Kama una presha au kisukari, meza dawa zako na ule chakula kama kawaida. Si vizuri kufika pale ukiwa na njaa, kwa sababu mazoezi hutumia sukari ya mwilini na mgonjwa wa kisukari anaweza kupata kizunguzungu. Mama mjamzito amweleze mtaalamu mapema, hata kama mimba bado ni changa. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo kilichowekwa kifuani naye aseme, maana mashine za umeme hazimfai.

Kuhusu mavazi, vaa nguo utakayoweza kuikunja au kuivua kwa urahisi. Goti haliwezi kuchunguzwa likiwa ndani ya suruali ya kubana, wala bega ndani ya sweta mbili. Kaptura chini ya suruali au rinda pana hutosha. Mama akibeba leso yake atajisitiri vizuri zaidi kuliko kwa shuka la hospitali. Na hapa nisisitize jambo ambalo wengi huona haya kulisema: una haki ya kuuliza kwa nini nguo fulani iondolewe, una haki ya kuwa na mtu wako chumbani, na una haki ya kuomba uhudumiwe na mtaalamu wa jinsia yako iwapo yupo. Ukisema "hapana", basi ni hapana.

Maswali mengi, na sababu yake

Siku ya kwanza huwa ndefu kuliko zinazofuata. Tenga saa moja hata mbili, ukihesabu foleni. Usishangae ukikaa muda mrefu ukiulizwa maswali kabla hujaguswa popote. Maumivu yalianza lini? Yalianza ghafla au polepole? Hukuamsha usiku? Ni mbaya zaidi asubuhi au jioni? Ukikohoa, huruka mpaka mguuni? Unafanya kazi gani, na unaifanyaje?

Swali hilo la kazi lijibu kwa kirefu. Ukisema "mimi ni wa kibarua" hujamwambia kitu. Mchimba mawe wa Ndarugo anayeinama na nyundo kutwa nzima, mwendesha bodaboda wa Kimbo anayekaa juu ya pikipiki saa 12, mama anayechuma kahawa huku kikapu kimefungwa kiunoni, na fundi wa kushona aliyeinamia cherehani katika soko la Thika, wote wanne wanaweza kuja na maumivu ya mgongo, lakini mgongo wa kila mmoja umechoshwa kwa njia yake. Mwonyeshe mtaalamu hasa unavyoinama, unavyobeba, unavyokaa.

Ataulizia pia lengo lako. Usijibu "nataka kupona". Sema kitu kinachoweza kupimwa: nataka kupanda matatu bila kushikwa mkono, nataka kupiga magoti kanisani, nataka kurudi kuchoma mandazi, na kazi hiyo ni ya kusimama saa 4. Lengo la namna hiyo humsaidia kuchagua mazoezi, nawe hukusaidia kujua kama unasonga mbele.

Kisha atakuuliza uchungu wako ni wa kiasi gani kutoka 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna kabisa na 10 ni mkali usiovumilika. Watu wengine hudhani wakisema namba kubwa watahudumiwa haraka, na wengine, hasa wazee wetu wa kiume, husema 2 huku jasho linawatoka. Sema ukweli. Namba hiyo itaandikwa kwenye kadi na kulinganishwa na ile utakayosema wiki 3 baadaye. Ukidanganya mwanzoni, kipimo chote kimeharibika.

Baada ya maswali atakutazama ukitembea, ukisimama, ukiinama. Atapima kiungo kinakunjika kwa kadiri gani kwa kifaa kinachofanana na kile cha kupimia pembe ambacho watoto hubeba shuleni. Atakwambia usukume mkono wake ili ajue nguvu ya msuli. Huenda akagonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, au akuinue mguu ukiwa umelala chali na mguu umenyooka, kuona kama mshipa wa fahamu umebanwa. Baadhi ya vipimo hivi vitaamsha uchungu kidogo. Mwambie palipouma hasa, usikaze meno.

Mwisho wa uchunguzi anapaswa kukueleza, kwa lugha unayoielewa, anadhani tatizo ni nini, litachukua muda gani, na mpango wake ni upi. Asipokueleza, muulize. Kama Kiswahili chake kimejaa maneno ya kitabuni, mwombe akuonyeshe kwenye ule mfano wa mifupa ambao kliniki nyingi huwa nao pembeni.

Habari ya mashine na picha

Watu wanapenda mashine. Mgonjwa akiwekewa nyaya mgongoni na kusikia zikimtekenya, huhisi ametibiwa. Akifundishwa namna ya kuinuka kitini, huhisi ameibiwa. Ukweli uko karibu na kinyume chake. Mashine ndogo ya umeme na pakiti za joto zinaweza kutuliza maumivu kwa muda na kukuwezesha kufanya mazoezi, na hiyo ni faida. Ile mashine ya mawimbi ya sauti, inayosuguliwa juu ya ngozi iliyopakwa mafuta kama ya jeli, imetumika miaka mingi, lakini ushahidi wa kwamba inaponya maumivu ya mgongo ni hafifu. Kliniki ikikutoza kwa mashine tatu kila unapokwenda na haijakufundisha zoezi hata moja, nakushauri utafute kliniki nyingine.

Picha nazo zina hadithi yake. Kuna mtu anayeuza mbuzi ili apigwe picha kubwa ya mgongo, aambiwe kwamba diski imechakaa, na kuanzia siku hiyo ajione mlemavu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya picha za uti wa mgongo za zaidi ya watu 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote, ulionyesha kwamba kuchakaa kwa diski kulionekana kwa watu 37 kati ya kila 100 wa umri wa miaka 20, na kwa watu 96 kati ya 100 wa miaka 80. Hao wote mgongo hauwaumi. Mikunjo ya ndani ya mgongo ni kama mvi za kichwani. Maumivu mengi ya kawaida ya kiuno hupungua sana ndani ya wiki 6, na ule ushauri wa zamani wa kulala chali kwenye ubao wiki nzima umeachwa, kwa sababu misuli ikilala hunyong'onyea na mgongo huzidi kukauka.

Zoezi moja, kwa mfano

Tuchukue goti la mama wa miaka 60 ambalo limekuwa likimuuma kwa mwaka mzima, linalia kama mchanga akiinuka na linamsumbua akishuka ngazi. Sehemu laini inayofunika ncha za mifupa imepungua. Haiwezi kurudishwa kwa vidonge wala kwa mafuta ya kuchua. Lakini misuli ya paja ikipata nguvu, hulibebea goti sehemu ya mzigo, na maumivu hupungua. Zoezi atakalofundishwa huenda likawa hili.

Anakaa kwenye kiti kigumu kisichoyumba, cha meza ya kulia, si kochi. Miguu ameitenganisha kwa upana wa mabega na visigino ameviburuta nyuma kidogo. Anainama mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha anainuka bila kujishika. Anakaa tena polepole huku akihesabu moja, mbili, tatu, asijitupe. Mara 10, anapumzika, mara 10 nyingine, anapumzika, mara 10 za mwisho. Akishindwa, anaweka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Wiki mbili baadaye anauondoa mto. Baadaye tena anafanya akiwa amekumbatia pakiti ya unga wa kilo 2.

Ni hilo tu. Halihitaji umeme wala nauli. Lakini msuli hauongezeki nguvu kwa siku tatu; unahitaji wiki 6 hadi 12 za kazi ya mfululizo, na hapo ndipo watu wengi huanguka. Wiki ya kwanza goti huuma zaidi kidogo, mama anadhani ameharibiwa, anaacha.

Kwa hiyo jifunze kupima uchungu wa mazoezi. Ukifanya zoezi na uchungu ukapanda hadi 4 au 5 kati ya 10, kisha ukashuka na kesho yake asubuhi ukaamka kama ulivyokuwa, uko salama, endelea. Kuchoka kwa misuli kwa siku moja au mbili baada ya zoezi jipya pia ni kawaida, kama yule aliyeshika jembe baada ya likizo ndefu. Lakini uchungu ukizidi 5, au ukiamka nao mkali zaidi, au kiungo kikivimba, punguza idadi kwa nusu na umweleze mtaalamu siku ya kurudi. Usiache kabisa.

Mkono uliotolewa plasta una hofu yake. Utaukuta umekonda, ngozi imekauka na kubanduka, nywele zimerefuka na kifundo hakikunjiki. Wengine hulia wakiuona. Hayo yanatarajiwa. Kinachosumbua zaidi ni vidole vilivyokauka kwa kuwa mwenyewe aliviacha bila kuvitumia wakati wote alipokuwa na plasta. Ukiwa na plasta ya kifundo cha mkono, kunja na kunjua vidole mara nyingi kila siku, na inua mkono mpaka juu ya kichwa ili bega nalo lisikauke, isipokuwa daktari amekukataza. Siku plasta inapotolewa, ulizia fiziotherapia hapo hapo kabla hujaondoka.

Kiharusi: Wa kufundishwa ni nani?

Nikae kidogo kwenye kiharusi, kwa sababu hapa ndipo kuchelewa hugharimu zaidi. Mtu akipindika mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakavurugika, kwanza ni hospitali, dakika hiyo hiyo, wala si kusubiri asubuhi. Tiba ya viungo huanza akiwa bado wodini, mara hali yake inapotulia. Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudia jambo lile lile mara nyingi, na miezi 3 ya kwanza ndiyo yenye mavuno makubwa. Baada ya hapo maendeleo hupungua kasi, ingawa hayakomi.

Sasa tazama kinachotokea mara nyingi. Mzee anatolewa hospitalini na kupelekwa nyumbani, tuseme Gatundu au Kiganjo. Anawekwa kitandani, watu wanakuja kumsalimu na kumwombea. Kila mtu anamhurumia, kwa hiyo analishwa, anavishwa, anageuzwa. Baada ya miezi miwili mkono umejikunja kifuani, vidole vimefumba, na kisigino hakifiki chini. Hapo ndipo wanakumbuka ile karatasi ya fiziotherapia. Bado anaweza kusaidiwa, lakini kazi ambayo ingekuwa ya kumfundisha kutembea sasa inaanza na kunyoosha vilivyokauka, tena kwa uchungu.

Siku ya kwenda kliniki, anayemleta mara nyingi ni mwanawe mwenye gari kutoka Nairobi. Anayebaki naye kutwa ni mkewe, au mkaza mwana, au kijana aliyeajiriwa kumsaidia. Huyo wa kubaki naye ndiye anayepaswa kuingia chumbani na kufundishwa. Mwenye gari anaweza kusubiri nje.

Atafundishwa nini? Kwanza, asimwinue mgonjwa kwa kumvuta mkono uliopooza. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na mkono ukivutwa bega huchomoka kidogo kidogo mpaka likawa chanzo cha uchungu usiokwisha. Ni afadhali kumfunga leso imara kiunoni na kumshika hapo, au kumkumbatia kifuani. Pili, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo na makalio. Tatu, alishwe akiwa ameketi wima, kwani akilala chakula kinaweza kuingia mapafuni. Nne, na hili ndilo gumu kwa familia zetu zenye huruma, asifanyiwe kila kitu. Kikombe kiwekwe upande ulio dhaifu. Akichukua dakika 10 kufunga kifungo kimoja cha shati, aachwe afunge. Hizo dakika 10 ni matibabu.

Tahadhari

Tiba hii haifai kila maumivu, na mtaalamu mzuri anajua wakati wa kukurudisha kwa daktari. Usingojee siku yako ya kliniki ukiona mgongo unauma na mkojo umekataa kutoka au unatoka wenyewe, au sehemu unayokalia imekufa ganzi, au miguu inaishiwa nguvu. Hiyo ni dharura ya siku hiyo. Mgongo unaouma usiku na mchana pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda pia uangaliwe na daktari, kwa kuwa kifua kikuu huweza kushika uti wa mgongo, na hakuna kukanda kutakakokiondoa. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa la moto na lenye uchungu, hasa baada ya upasuaji au kulala sana, usikubali mtu yeyote alichue. Huenda kuna damu iliyoganda ndani, na ikisukumwa inaweza kufika mapafuni.

Na maji ya moto yenye chumvi, tiba tunayoipenda sote, yatumiwe kwa akili. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi hawezi kujua kama maji yanamchoma. Ajaribu kwanza kwa kiwiko, au mtu mwingine amjaribie.

Kwa watoto nitasema machache. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda kuelekea ndani apelekwe hospitalini katika wiki za kwanza. Njia iliyobuniwa na Dkt Ignacio Ponseti wa Marekani, ya kunyoosha mguu taratibu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, hurekebisha miguu mingi bila upasuaji mkubwa, lakini viatu maalumu anavyovaa usiku baadaye vinaendelea mpaka apate kama miaka 4, na wazazi huchoka njiani. Mtoto ambaye hajashika shingo akiwa na miezi 4, au hajaketi mwenyewe akiwa na miezi 9, aonwe na mtaalamu. Thika ina shule ya Joytown ya watoto wenye ulemavu wa viungo, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu, na hakuna sababu ya mtoto kama huyo kufichwa chumba cha nyuma.

Gharama

Uliza bei kabla ya kulala kitandani, na uulize unatarajiwa kurudi mara ngapi. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo au goti, kuonwa mara moja kwa wiki na kufanya mazoezi nyumbani kwaweza kutosha. Ukiambiwa ulipe mapema kwa siku 20 hata kabla hujachunguzwa, shuku. Kama nauli ni tatizo, sema waziwazi. Mtaalamu anaweza kukupangia mazoezi ya wiki 2 au 3, akuchoree kwenye daftari, au akurekodi kwa simu yako ukiyafanya ili usisahau. Video hiyo ya mwili wako mwenyewe ina faida kuliko nyingi utakazotumiwa na marafiki.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Jisajili, na kabla ya kuanza matibabu uliza kwenye dawati la bima ni huduma zipi zitakazolipiwa na zipi utakazolipa mwenyewe, ili bili isikushtue mwishoni.

Mfanyakazi aliyeumia kazini, iwe ni kiwandani Thika au kwenye shamba la mananasi au la maua, ajue kwamba Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kugharamia matibabu yake. Ripoti ajali mara moja hata kama unadhani ni msuli tu umevutika, hakikisha imeandikwa, na uweke risiti na kadi za kliniki pamoja. Wengi huripoti baada ya miezi, mgongo ukiwa tayari umekataa, na msimamizi hakumbuki lolote.

Siku ya mwisho ya kliniki utapimwa tena kwa vipimo vile vile vya siku ya kwanza, na ile namba ya uchungu utaulizwa tena. Uliza ni mazoezi yapi utakayoyaendeleza na yapi uyaache, na ni dalili gani ikirudi urudi nayo. Na kama uliazimwa magongo au fremu ya kutembelea, yarudishe siku hiyo hiyo. Kuna mwingine aliyevunjika mguu anayeyasubiri kwenye benchi.